Vipigo tisa na bado bingwa wa kundi: kuuelewa msimu wa Seattle Seahawks wa 2010

Usiku wa tarehe 2 Januari 2011, katika uwanja wa Qwest Field mjini Seattle, ilichezwa mechi ya mwisho kabisa ya msimu wa kawaida wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Mechi 255 zilikuwa zimekwisha. Hii ilikuwa ya 256. Wageni, St. Louis Rams, walikuja na ushindi saba na vipigo vinane. Wenyeji, Seattle Seahawks, walikuwa wameshinda mara sita na kufungwa mara tisa. Katika ligi tulizozoea, timu mbili za namna hiyo zikikutana siku ya mwisho huwa zinapigania kutoshuka daraja. Hizi zilikuwa zinapigania ubingwa wa kundi, nafasi ya kuingia kwenye mtoano, na haki ya kuanza mtoano huo nyumbani.

Seattle walishinda 16-6. Wakamaliza na 7-9, yaani ushindi saba na vipigo tisa kama Wamarekani wanavyouandika, wakawa timu ya kwanza katika historia ya NFL kutwaa ubingwa wa kundi ikiwa imefungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Wakati huohuo New York Giants na Tampa Bay Buccaneers, kila mmoja akiwa na 10-6, walikuwa wanafunga mabegi kwenda likizo. Tena timu zote mbili zilikuwa zimewafunga Seattle msimu uleule: Giants 41-7, Buccaneers 38-15.

Mtu akisikia hivyo tu, bila maelezo, ni haki yake kuhisi kwamba kuna aliyedhulumiwa. Mimi pia nilihisi hivyo nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza. Kadiri nilivyozidi kuifuatilia, ndivyo nilivyoona kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya.

Ligi nane ndani ya ligi moja

Tunapoteza njia pale tunapoanza kutafuta msimamo wa ligi. NFL haina msimamo mmoja wa kuanzia juu hadi chini. Ina timu 32 zilizogawanywa katika nusu mbili, NFC na AFC, na kila nusu ina makundi manne ya timu nne nne. Mpangilio huu ulianza mwaka 2002, Houston Texans walipoingia na hesabu ya 32 ikatimia. Mwaka huohuo Seahawks walitolewa AFC wakapelekwa NFC, kundi la Magharibi, pamoja na San Francisco 49ers, Arizona Cardinals na Rams. (St. Louis uko kando ya mto Mississippi, mbali sana na magharibi ya Marekani, lakini Rams walikuwa wametokea Los Angeles na wakabaki na majirani zao wa zamani.)

Sasa tazama ratiba. Katika ligi ya soka yenye timu 20, kila mmoja hukutana na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Mwisho wa msimu wote wamepita njia ileile, ndiyo maana msimamo wao unaaminika. Futiboli ya Marekani haiwezi kufanya hivyo. Ni mchezo wa kugongana mwili kwa mwili, na timu huhitaji karibu wiki nzima kupona kabla ya kuingia uwanjani tena. Mwaka 2010 kila timu ilicheza mechi 16 (siku hizi ni 17) katika ligi yenye wapinzani 31. Hakuna hesabu inayoweza kuwakutanisha wote.

Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa kanuni. Mechi sita ni dhidi ya wenzako wa kundi, kila mmoja mara mbili. Nne ni dhidi ya kundi zima jingine la nusu yako, nne nyingine dhidi ya kundi zima la nusu ya pili, na makundi hayo hubadilika kwa zamu kila mwaka. Mbili za mwisho ni dhidi ya timu zilizoshika nafasi kama yako msimu uliopita. Kwa Seattle mwaka ule, zamu ilileta kundi la Kusini la NFC (Saints, Falcons, Buccaneers na Panthers) na kundi la Magharibi la AFC (Broncos, Chargers, Raiders na Chiefs). Na kwa kuwa mwaka 2009 walikuwa wa tatu katika kundi lao, waliongezewa Chicago Bears na New York Giants, nao wa tatu katika makundi yao.

Jumlisha: wapinzani 13. Timu nyingine 18 hawakuzigusa msimu mzima. Ndiyo sababu 10-6 ya Tampa na 7-9 ya Seattle hazikupimwa kwa mzani mmoja. Timu pekee unazoweza kujilinganisha nazo kwa haki ni zile tatu za kundi lako, kwa sababu ratiba zenu zinafanana kwa mechi 14 kati ya 16. Ubingwa wa kundi ndio ushindani halisi wa msimu wa kawaida, na mtoano ni mahali pa kukutanisha mabingwa hao. Mwaka ule kila nusu ya ligi ilipeleka timu sita: mabingwa wanne wa makundi, waliopangwa nafasi ya 1 hadi ya 4, na timu mbili zenye rekodi nzuri zaidi kati ya zilizobaki. Hizo mbili ni nafasi za ziada. Giants na Buccaneers walishindwa kuipata nafasi ya ziada. Green Bay Packers, nao wakiwa 10-6, waliwapita kwa vigezo vya kutenganisha waliolingana. Packers hao hao waliingia wa mwisho katika nusu yao, wakaenda hadi Super Bowl, fainali ya ligi nzima, na kuichukua, 31-25 dhidi ya Pittsburgh Steelers.

Msimu usiokuwa na kipigo cha bahati mbaya

Mara nyingi shabiki wa timu yenye 7-9 hujitetea kwa kusema tulikaribia, tulifungwa dakika ya mwisho, mwamuzi alituonea. Seattle wa 2010 hawakuwa na utetezi huo. Vipigo vyao vyote tisa vilikuwa vya tofauti ya pointi 15 au zaidi. Kwa asiyeufuata mchezo huu: kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, tachidauni, ni pointi 6, na nafasi ya kuongeza moja au mbili baada ya hapo. Shambulizi moja haliwezi kukupa zaidi ya pointi 8. Pengo la 15 maana yake ni kwamba hata ukifunga tachidauni mbili mfululizo bila kujibiwa, bado huna uhakika umesawazisha.

Walianza kwa kuwachapa 49ers 31-6 nyumbani. Wiki ya tatu waliwafunga Chargers 27-20, siku ambayo Leon Washington aliurudisha mpira wa kuanzia kutoka mwisho hadi mwisho wa uwanja mara mbili. Wakaenda Chicago wakashinda 23-20. Kufikia wiki ya saba walikuwa 4-2 na watu walianza kuota. Kisha wakafungwa 33-3 Oakland, na wiki iliyofuata ndiyo ile 41-7 ya Giants, nyumbani kwao wenyewe. Tangu hapo walikuwa kama jahazi lililokatika tanga: wiki hii wanawapiga Cardinals, ijayo wanazama. Kufikia mwisho wa msimu walikuwa wamefunga pointi 310 na kufungwa 407.

Kuna rekodi nyingine ndani ya hizo, na naomba msomaji aikumbuke kwa sababu itarudi: nyumbani walishinda tano na kufungwa tatu. Ugenini walishinda mbili, wakafungwa sita.

Hii haikuwa timu iliyooza. Ilikuwa inajengwa huku inacheza. Misimu miwili iliyotangulia ilikuwa 4-12 na 5-11. Januari 2010 wenye timu walimwachisha kazi kocha Jim Mora baada ya msimu mmoja tu, wakamleta Pete Carroll kutoka chuo kikuu cha USC, alikokaa misimu tisa. Pamoja naye alikuja John Schneider kutoka Green Bay, mtu wa kusimamia usajili. Wawili hao walipekua kila kona: wanasajili, wanaacha, wanabadilishana, wiki baada ya wiki. Mike Williams, mpokeaji aliyekuwa ameshindikana Detroit na kukaa misimu miwili nje ya ligi, alipewa nafasi na akawa mtu wa kutegemewa. Oktoba wakamchukua Marshawn Lynch kutoka Buffalo Bills, mkimbiaji mwenye nguvu ambaye Bills walikuwa hawamhitaji tena, kwa kutoa nafasi mbili za kuchagua vijana katika raundi za chini. Katika mechi alizocheza Seattle kabla ya mtoano, Lynch hakufikisha hata yadi 4 kwa kila mbio. Hakuna aliyeona alichokuwa akikileta.

Na kundi lao? Lilikuwa dhaifu, hilo halina mjadala. Cardinals, mabingwa wa kundi kwa misimu miwili mfululizo, walimpoteza kotabeki wao Kurt Warner aliyestaafu mwanzoni mwa mwaka, wakaanguka hadi 5-11. Kotabeki ni yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe au aukabidhi. Timu ikimkosa wa kuaminika, msimu hupotea. 49ers walimfukuza kocha Mike Singletary kabla ya mechi ya mwisho, wakaishia 6-10. Rams walikuwa wametoka kwenye msimu wa 1-15 na walikuwa wakiongozwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Sam Bradford. Ukiondoa mechi walizocheza wao kwa wao, timu nne za kundi hilo zilishinda 13 na kufungwa 27.

Hapo hoja ya wanaowatetea Tampa inakutana na jambo gumu. Buccaneers walipangiwa kundi hilohilo dhaifu, wakashinda mechi zote nne. Ushindi nne kati ya kumi zao ulitoka kwa hao hao wanaosemwa kwamba hawakustahili kuwepo. Giants nao walikuwa na mlango wazi: tarehe 19 Desemba walikuwa wanawaongoza Philadelphia Eagles 31-10 katika robo ya mwisho, wakafungwa 38-31, tachidauni ya mwisho ikiingia muda ukiwa umekwisha. Wangeilinda ile mechi wasingekuwa na haja ya kuitazama Seattle kwa jicho la husuda.

Kushinda au kushindwa kwa faida

Kabla ya mechi ile ya Januari 2, Seattle kulikuwa na mjadala ambao kwa mtu wa soka unashangaza: je, si afadhali tufungwe?

NFL haina kushuka daraja. Badala yake ina drafti, mgawo wa kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, na aliyefanya vibaya zaidi ndiye anayechagua kwanza. Rams walimpata Bradford kwa njia hiyo, kama malipo ya ile 1-15. Seattle wangefungwa na kumaliza 6-10, wangechagua mahali fulani kati ya nafasi ya 7 na ya 13. Wakishinda na kuingia mtoano, wangetupwa nyuma ya ishirini. Hatimaye walichagua wa 25.

Sikubaliani na waliotaka kufungwa, na si kwa sababu ya heshima ya mchezo tu. Kocha aliye katika mwaka wake wa kwanza hawezi kuwaambia wachezaji kwamba kila mechi ina maana, kisha aonekane anaipuuza ile yenye maana kuliko zote. Na drafti yenyewe ina siri zake. Nguzo za timu ile iliyokuja kuchukua Super Bowl ya Februari 2014, 43-8 dhidi ya Denver Broncos, nyingi hazikutoka juu. Kam Chancellor alichaguliwa wa 133 mwaka 2010. Richard Sherman alichaguliwa wa 154 mwaka 2011, mwaka huohuo waliosema Seattle wameharibu. Russell Wilson alikuwa wa 75 mwaka 2012. Jicho la Schneider lilikuwa na thamani kuliko nafasi kumi na kitu za kusogea mbele.

Usiku ule kotabeki wao mzoefu, Matt Hasselbeck, alikuwa ameumia nyonga Tampa wiki moja kabla, katika mbio ambazo hakuna hata aliyemgusa. Akacheza msaidizi, Charlie Whitehurst, na aliitunza mechi vizuri. Ushindi ule uliwaacha Seattle na Rams wote wakiwa 7-9. Walikuwa wamefungana mara moja moja, kwa hiyo ikaangaliwa rekodi ndani ya kundi: Seattle 4-2, Rams 3-3. Hapo ndipo ubingwa ulipopatikana.

Tarehe 8 Januari

Bingwa wa kundi aliye nafasi ya 4 humkaribisha aliye nafasi ya 5. Nafasi ya 5 walikuwa New Orleans Saints, mabingwa watetezi wa Super Bowl, wenye 11-5, walioangukia nafasi ya ziada kwa sababu kundi lao lilikuwa na Atlanta Falcons wenye 13-3. Timu yenye ushindi nne zaidi ilipanda ndege kuvuka nchi nzima kwenda kwa timu yenye 7-9.

Nyumbani pana uzito gani katika mchezo huu? Kotabeki huwapa wenzake maelekezo kwa sauti. Hubadilisha mpango kwa kupaza sauti sekunde chache kabla ya kuanza, na wachezaji huondoka kwa kufuata mwito wake. Uwanja wa Seattle umejengwa na mapaa makubwa juu ya majukwaa ambayo huzirudisha kelele chini uwanjani, na mashabiki wake wanajua kazi yao: mgeni akiwa na mpira, hakuna anayenyamaza. Klabu iliistaafisha jezi namba 12 mwaka 1984 kwa heshima yao, mchezaji wa kumi na mbili.

Saints waliongoza 10-0, kisha 17-7. Hasselbeck alikuwa amerudi, na alicheza mechi ambayo mimi naiweka juu ya zote nilizowahi kuona kwake: tachidauni nne za kurusha. Mapumziko Seattle walikuwa mbele 24-20, baadaye 34-20. Saints wakaanza kurudi. 34-30, na zimebaki dakika tatu na nusu hivi. Seattle wana mpira katika yadi 33 ya upande wao, na kila mtu uwanjani anajua watamkabidhi Lynch ili muda uende.

Lynch akaingia katikati ya msitu wa miili akaonekana amekwama. Akatoka. Mmoja akamshika miguu, akachomoa. Mwingine juu, akamtupa. Tracy Porter, mlinzi ambaye mwaka uliopita ndiye aliyeihakikishia New Orleans Super Bowl kwa kuunasa mpira wa Peyton Manning, alimfikia. Lynch akamsukuma kwa mkono mmoja hadi akaanguka chini mbali. Yadi 67, na zaidi ya nusu ya safu nzima ya ulinzi ya Saints iligusa jezi yake bila kumwangusha. Mtikisiko wa mashabiki waliokuwa wakirukaruka ulinaswa na kipima tetemeko cha mtandao wa wanasayansi kilichokuwa karibu na uwanja. Saints walifunga tena, ikaishia 41-36.

Wiki iliyofuata Seattle walikwenda Chicago. Hadi mapumziko walikuwa nyuma 21-0, wakafungwa 35-24, na msimu ukaishia hapo.

Tangu wakati huo jambo hili limetokea tena. Carolina Panthers waliingia na 7-8-1 (ile moja ni sare) mwaka 2014 na wakashinda mechi ya kwanza. Washington waliingia na 7-9 mwaka 2020, Buccaneers na 8-9 mwaka 2022. Kila linapotokea, mjadala hurudi. Mwaka 2025 Detroit Lions walipeleka pendekezo kwa wenye timu: bingwa wa kundi abaki na nafasi yake katika mtoano, lakini mechi ichezwe nyumbani kwa mwenye rekodi nzuri zaidi. Msimu uliotangulia Minnesota Vikings walikuwa wamelazimika kuanza mtoano kama wageni wakiwa na ushindi 14. Pendekezo halikupita.

Kwangu nusu ya kwanza ya pendekezo hilo haina shaka. Anayeshinda kundi lake amewashinda wale pekee aliopimwa nao sawasawa, na nafasi ni yake, iwe kwa ushindi saba au kumi na tatu. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na kwa akili yangu Lions walikuwa na hoja: kupewa nafasi ni jambo moja, kupewa uwanja ni jingine. Lakini najua pia gharama yake. Chini ya sheria hiyo Seattle wa 2010 wangesafiri kwenda kuanza mtoano, timu iliyokuwa imeshinda mbili tu kati ya nane ugenini, iliyokuwa imeshafungwa 34-19 ndani ya New Orleans mwezi Novemba. Zile yadi 67 zingebidi zipatikane mahali pengine, mbele ya watu wanaopiga kelele za kumzuia.